Tupeane uzoefu: umewahi kuomba taarifa au nakala ya kumbukumbu kwenye ofisi ya serikali?

Mkazi wa Ipagala: Mbukwenyi ndugu zangu. Nimetoka ofisi moja sasa hivi. Barua yangu ya kuomba nakala ya jedwali la fidia ya mashamba yetu bado "inafanyiwa kazi". Aliyewahi kupata alifanyaje?

Mwana Nkuhungu: Hiyo "inafanyiwa kazi" naijua. Pole sana.

Binti wa Kongwa: Kijijini kwetu tuliomba mapato na matumizi ya ujenzi wa darasa, mtendaji akasema tunaleta siasa. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Tukausubiri, wazee wakakataa ajenda nyingine zote mpaka hesabu zisomwe. Zikasomwa, na risiti tukaziona.

Fundi Area C: Barua ni kupoteza muda. Tafuta mtu wa ndani, mpe ya soda.

Mama Nzuguni: Kaka, hiyo soda ndiyo inatuumiza. Ukitoa wewe leo, kesho asiye nayo anazungushwa hadi achoke.

Fundi Area C: Dada, wewe una muda wa kuzunguka. Mimi nina watu wananisubiri saiti.

Mjukuu wa Mpwapwa: Mmenikumbusha mbali. Baba alikuwa dereva wa serikali. Alipofariki, mirathi ikakwama kwa kukosa barua yake ya ajira ya kwanza. Tukaandika. Tukaambiwa majalada ya zamani yalibaki Dar wakati ofisi inahamia Dodoma. Mdogo wangu wa Dar akaenda, akaambiwa yote yameshapelekwa Dodoma! Mama akasema atakuja mwenyewe. Akapanda basi la alfajiri na bahasha ya vyeti kifuani. Kijana wa mapokezi hata hakumsalimia, akasema, "Bibi, huyo mtu hayupo kwenye kumbukumbu zetu." Mama akatoa kitambulisho cha kazi cha baba, akakiweka mezani: "Huyu aliwaendeshea wakubwa zenu mpaka mgongo ukaharibika. Hayupo vipi?" Foleni nzima ikanyamaza. Mimi nililia pale pale, siwafichi.

Mwana Nkuhungu: Mungu ampe nguvu mama.

Mama Nzuguni: Machozi yamenitoka. Likapatikana?

Mkazi wa Ipagala: Endelea basi, ikawaje?

Mjukuu wa Mpwapwa: Mama mmoja wa masjala, kule wanakotunza majalada, alisikia, akatoka, akauliza cheki namba, yaani namba ya mtumishi. Ilikuwa kwenye hati ya mshahara. Jalada lilikuwepo, jina lilikosewa herufi moja.

Mstaafu wa Masjala: Hapo ndipo penyewe. Jalada linatafutwa kwa namba. Anayekuja na jina tupu anampa karani sababu ya kusema halipo. Na peleka barua nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu, na bila mhuri huo huwezi kuonyesha zimeanza lini. Wakikataa, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Mama yule hata kama hajui kuandika, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, afisa amwandikie.

Fundi Area C: Sheria iko kwenye makaratasi, mzee. Kuna vitu wanakwambia ni siri.

Mstaafu wa Masjala: Vipo vilivyozuiwa, kama usalama wa taifa na mambo binafsi ya watu. Wakikataa, wakuandikie sababu.

Mama Nzuguni: Sikia hiyo, Fundi.

Mkazi wa Ipagala: Shikamoo mzee. Mimi nakala yangu haina mhuri. Niandike upya?

Mstaafu wa Masjala: Marahaba. Andika upya, taja namba ya shamba lako na mwaka wa tathmini. Jedwali la kijiji kizima wanaweza kukunyima kwa sababu lina majina ya wenzako. Anza na ukurasa wako.

Binti wa Kongwa: Hapana mzee, aombe lote! Andikeni pamoja, wanakijiji wote mtie saini, hoja ya majina ya wengine itaishia hapo.

Mkazi wa Ipagala: Jumapili baada ya ibada nakusanya saini. Jumatatu tunapeleka.

Mwana Nkuhungu: Fikeni mapema. Ikikaribia saa 9:30 alasiri mwenye mhuri humkuti.