Dinosaria wa Tendaguru hawakuwa na magari, mbona joto lao lilizidi la leo? Naomba msaada wa kumjibu mwanafunzi

Mwl. wa Jiografia (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Nafundisha jiografia sekondari, mkoa wa Lindi. Wiki hii tulikuwa kwenye mabadiliko ya tabianchi, nikaeleza kama kitabu kinavyoeleza: viwanda, magari, ukataji miti, hewa ukaa, barafu ya Kilimanjaro inavyopungua. Binti mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono. Anatoka vijiji vya upande wa Tendaguru, na kwao habari za dinosaria si za kusoma kitabuni tu, maana ni wazee wao waliobeba ile mifupa kichwani hadi bandari ya Lindi, Wajerumani walipochimba kati ya 1909 na 1913.

Akasema: "Mwalimu, umetufundisha kwamba enzi za dinosaria Dunia ilikuwa na joto kuliko sasa. Ni miaka milioni 150 iliyopita, hapakuwa na gari wala kiwanda. Sasa leo joto likipanda kidogo, mbona tunaambiwa ni sisi?"

Darasa zima likageuka kuniangalia. Naweza kumwambia kwamba yale yalikuwa ya asili na haya ni ya binadamu, lakini hilo linaliacha swali palepale: tunajuaje? Nataka jibu ambalo mtoto mwenye akili akiligeuza huku na huku litasimama. Nimempa ahadi kwamba Jumatatu tutalizungumza. Mwenye ujuzi wa miamba anisaidie.

Kigogo Mkavu

Mwalimu, huyo binti mpe maksi zake, kaona mbali. Jangwa la Sahara lilikuwa na maziwa, viboko na wafugaji miaka kama 8,000 iliyopita, kisha likakauka lenyewe. Ziwa Turkana lilikuwa juu kwa makumi ya mita kuliko lilivyo leo. Ni mhimili wa Dunia unavyoyumba, jua linapiga kwingine, mvua zinahama. Hayo ni mahesabu ya maelfu ya miaka na hakuna mtu aliyeyasababisha. Mimi siamini kwamba binadamu ana ubavu wa kubadili kitu kikubwa namna hii.

Mchorongaji

Mwalimu, sehemu kubwa ya jibu la huyo binti ilichimbwa mkoani kwenu, na nadhani akilijua hilo atalishika kuliko chochote kilichomo kitabuni.

Kila aliyepanda basi la kusini anaijua Nangurukuru, pale unaposhuka kutafuta gari la Kilwa Masoko. Wanajiolojia wamelipa jina hilo tabaka la udongo lililo chini ya pwani yenu. Juu yake kuna tabaka la Kivinje, halafu Masoko, halafu Pande. Ukiyapanda hivyo kutoka chini kwenda juu, unaanzia enzi za mwisho za dinosaria na kufika miaka kama milioni 33 iliyopita. Yote ni matope yaliyotuama taratibu wakati pwani hiyo ilipokuwa chini ya bahari ya kina.

Mimi nimechoronga visima vya maji kwa miaka mingi, na udongo wa namna ile mchorongaji anauchukia. Unanata kwenye bomba, unaziba njia, na hata ukishuka mita mia hupati maji, kwa sababu haupitishi kitu. Basi hicho hicho ndicho kilichoufanya hazina. Ndani yake kuna magamba ya foraminifera, viumbe wa baharini wadogo kama punje ya chumvi. Sehemu nyingi za dunia maji yamepenya kwenye matope ya zamani, yakayala magamba hayo na kuyajaza madini mengine, yakawa meupe yasiyopitisha mwanga. Ya Kilwa na Lindi yamebaki maangavu. Kemia ya bahari waliyoishi ndani yake bado imo: uwiano wa oksijeni nzito na oksijeni nyepesi unaeleza joto la maji, na boroni inaeleza bahari ilikuwa na asidi kiasi gani, na kutoka hapo unahesabu hewa ukaa iliyokuwa angani.

Mwaka 2001 mwanajiolojia wa Uingereza Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba ya aina hii, yakiwemo ya Tanzania. Kabla ya hapo magamba yaliyoharibika yalikuwa yamewafanya watafiti waamini kwamba bahari za tropiki zilikuwa za ubaridi wakati ncha za Dunia zilikuwa na joto, jambo ambalo halikuingia akilini. Haya mazima yakaonyesha tropiki nayo ilikuwa moto. Baada ya hapo ikaja miaka ya kuchoronga Kilwa na Lindi, pamoja na wataalamu wetu akina Joyce Singano wa TPDC (shirika letu la mafuta na gesi) na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye swali. Visima vilivyopita kwenye tabaka la Pande vinavuka miaka milioni 34 iliyopita. Kabla ya hapo Antaktika haikuwa imefunikwa na barafu kama leo, na huko nyuma zaidi pwani zake zilikuwa na misitu, hata michikichi. Vipimo vya boroni vilivyochapishwa 2009 vinaonyesha hewa ukaa ilikuwa inashuka, na ilipokaribia sehemu 750 kwa kila milioni, barafu ikaanza kushika bara lile. Kwenye matope yenu unaiona oksijeni ikibadilika, na unamwona Hantkenina, foraminifera mwenye miiba, yupo, yupo, kisha hayupo tena. Ametoweka duniani.

Kwa hiyo binti yuko sahihi: joto lilikuwepo bila magari. Lakini halikuwepo bila hewa ukaa. Enzi za Tendaguru ilikuwa mara kadhaa ya ile waliyovuta babu zetu, na ilitoka kwenye volkano. Kilichokuwa kikiipunguza ni mvua. Maji ya mvua yakichanganyika nayo yanakuwa asidi hafifu, yanakula miamba, mito inabeba kilichoyeyuka mpaka baharini, huko kinakuwa chokaa na kulala chini. Volkano zikiizidi mvua kwa mamilioni ya miaka, Dunia inapata joto. Ikiwa kinyume chake, inapoa. Magari na viwanda havikuleta kanuni mpya. Vinaongeza hewa ileile, na hewa ileile inafanya kazi ileile iliyoifanya wakati wa dinosaria.

Mkuu Kigogo, ulilosema kuhusu mhimili ni kweli tupu, na Sahara ni mfano mzuri. Ila mzunguko huo kazi yake kubwa ni kugawa jua kwa majira na kwa maeneo, na kwa huo peke yake tulikuwa tunaelekea kwenye ubaridi, polepole. Viputo vya hewa vilivyonaswa kwenye barafu ya Antaktika vinarudi nyuma miaka 800,000. Katika muda wote huo enzi za barafu zimekuja na kuondoka, mhimili umeyumba mara nyingi, na hewa ukaa haijawahi kuvuka sehemu 300 kwa kila milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Leo imepita 420.

Bint Unguja

Assalaam alaykum. Naongezea la kwetu. Watalii nawapeleka pango la Kuumbi, upande wa Jambiani. Waliochimba mle walikuta mifupa ya pundamilia na nyati. Pundamilia hawakuvuka kwa ngalawa! Miaka 20,000 iliyopita barafu ilikuwa imejaa kaskazini ya Dunia, bahari imeshuka kwa mita kama 120, na Unguja imeungana na bara. Mtu angetembea kwa miguu hadi Bagamoyo. Pemba haikuungana, mkondo wake ni wa kina mno.

Linaloniingia moyoni ni hili: tofauti ya joto kati ya wakati ule na wakati wa mababu zetu, kwa wastani wa Dunia nzima, ni digrii 5 au 6 tu. Hizo ndizo zilizoifanya Unguja kuwa kisiwa. Watu wakisikia digrii 2 au 3 wanadhani ni kama tofauti ya asubuhi na mchana. Mwalimu, hilo lisemee skuli kwa sauti kubwa.

Dereva wa Kusini

Nimesoma yote. Mimi ni dereva wa lori, nabeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, Mbinga, kupeleka viwanda vya saruji. Naomba nieleweshwe mambo mawili bila kulaumiwa, maana ndiyo kazi inayosomesha wanangu. Moja, haya makaa yanaingiaje kwenye hadithi hii? Mbili, Mchorongaji kasema mvua inakula miamba na kupunguza hewa hiyo. Si itaendelea tu? Kwa nini Dunia isijirekebishe yenyewe?

Mchorongaji

Ndugu dereva, hakuna wa kukulaumu hapa. Mchango wa nchi yetu nzima kwenye hewa hii haufiki hata asilimia 1 ya dunia, na waliochoma zaidi walianza karne mbili kabla ya barabara ya Mbinga kuwekwa lami. Lakini maswali yako yote mawili yanafika penyewe.

Makaa unayobeba ni miti na majani ya vinamasi vya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wakati huo nchi yetu ilikuwa sehemu ya bara la Gondwana, kusini kabisa. Kwenye bonde la Ruhuhu, chini ya matabaka ya makaa, kuna mashapo yaliyoachwa na barafu. Ndiyo, barafu, Ruvuma. Ilipoyeyuka vikaja vinamasi, mimea ikavuta hewa ukaa, ikafa, ikazikwa kabla ya kuoza. Ilichukua mamilioni ya miaka kuilaza hapo chini. Tani moja ya makaa ikiungua inatoa zaidi ya tani mbili za hewa ukaa, kwa sababu kila chembe ya kaboni inashika chembe mbili za oksijeni. Tanuri la saruji linamaliza lori lako kwa muda mfupi sana.

La pili. Dunia inajirekebisha, na udongo wa Lindi unatuonyesha inachukua muda gani. Kisima kimoja karibu na Lindi kilipita kwenye miaka milioni 56 iliyopita, wakati kaboni nyingi ilipoingia hewani na baharini kwa ghafla. Joto la Dunia lilipanda digrii 5 au zaidi. Bahari ikawa na asidi, na foraminifera wengi wa sakafu ya bahari ya kina wakatoweka. Hilo la "ghafla" ni lugha ya wanajiolojia: kaboni ile iliingia kwa maelfu ya miaka. Sisi leo tunaiingiza kwa kasi kama mara 10 ya ile, karibu tani bilioni 10 za kaboni kila mwaka. Na mvua iliisafisha ile ya zamani, ndiyo. Ilitumia zaidi ya miaka 100,000.

Kasi ndiyo inayonitia hofu. Dinosaria wa Tendaguru walizaliwa kwenye joto lao, na miti na matumbawe ya wakati huo vilevile. Mihogo, korosho na matumbawe yetu vimezoea Dunia ya 280.

Mwl. wa Jiografia

Mchorongaji, Mungu akubariki. Ndugu dereva, maswali yako nayapeleka darasani pamoja na la binti. Swali moja: naweza kuwaonyesha hayo magamba? Tuna hadubini moja tu.

Mchorongaji

Unaweza, mwalimu. Tafuta udongo wa kijivu unaoelekea ukijani, mahali palipochimbwa karibuni, mtaro au shimo la barabara. Ule wa juu uliopigwa na jua na mvua magamba yake mara nyingi yameliwa. Kausha bonge la ukubwa wa ngumi, kisha loweka usiku kucha kwenye maji yenye sabuni ya unga kidogo. Asubuhi litakuwa limevunjika kuwa tope. Lisuuze juu ya kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo sana, maji yakipita polepole, mpaka yatoke masafi. Usisugue. Kitakachobaki ni unga kidogo. Kausha, umwage juu ya karatasi nyeusi, umchague mmoja mmoja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Utaona vyumba vya mviringo vilivyoshikana. Na kwenye hadubini zima taa ya chini, mulika kwa tochi ya simu kutoka juu, kwa pembeni, ndipo maumbo yao yatakapojitokeza.