Ukumbi ulijaa wikendi nzima, waigizaji bado wanatudai. Wenzangu mnafanyaje?

MwekaHazina_Jericho

Hamjambo wenzangu wa jukwaa. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha maigizo hapa Eastlands, Nairobi. Tumesajiliwa kama shirika lisilo la faida, hatugawani chochote mwisho wa mwaka, na kazi hii naifanya jioni nikitoka kazini kwangu. Humu nimezoea kusoma tu, lakini wiki hii usingizi umenipaa.

Tulikuwa na igizo letu mjini Ijumaa hadi Jumapili, maonyesho manne. Ukumbi una viti 160. Waliokuja ni watu 612, yaani katika maonyesho yote manne vilibaki viti 28 tu. Jumapili jioni watu walisimama wakapiga makofi mpaka taa za ukumbini zikawashwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jukwaa na lile kopo la biskuti tunalowekea pesa za mlangoni, huku nikisoma ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Kando yangu, dada aliyeigiza mama mkwe alikuwa amemlaza mwanawe juu ya rundo la maleba, akingoja malipo yake apande matatu ya Kayole. Nikahesabu mara tatu. Nikampa 2,500. Tulikuwa tumeahidiana 6,000.

Hesabu ndiyo hii, mkiona kosa msinifiche. Ukumbi siku nne, pamoja na siku ya kupanga taa, 100,000. Taa na sauti 40,000. Nauli ya mazoezi, watu tisa kwa siku 24, kila mmoja 200, ni 43,200. Maleba 18,000. Mabango na matangazo 12,000. Malipo ya waigizaji tisa, 1,500 kwa kila onyesho, 54,000. Jumla 267,200. Tikiti ni 500. Walionunua ni 472, wale 140 waliingia bure. Tukapata 236,000. Pengo ni 31,200, na lote liliwaangukia waigizaji, kwa sababu mwenye ukumbi na mwenye taa hulipwa kabla pazia halijafunguliwa. Stoo yetu ya 18,000 kwa mwezi hata sijaitia. Nikiongeza miezi miwili ya mazoezi, hasara ni 67,200.

Sasa kamati. Mwenyekiti wetu ameona taarifa ya benki ina 1,840,000 akaniuliza mbele ya watu kwa nini nawanyima waigizaji haki yao. Katika hizo, 1,760,000 ni za mfadhili, za kupeleka igizo la afya ya akili katika shule 12. Zinazobaki, 80,000, zina wenyewe tayari: stoo tunadaiwa miezi miwili, 36,000, na mkaguzi wa hesabu anataka 45,000. Kamati inasema tukope kidogo kwenye pesa za mradi, tulipe waigizaji, kisha turudishe shule zikianza kutulipa maonyesho yetu ya vitabu vya kutahiniwa, vile vya fasihi wanafunzi wanavyofanyia mtihani, muhula ujao. Waliopinga tulikuwa wawili. Tunakutana tena Jumamosi. Nauliza kwa moyo mmoja: kuna mtu amewahi kukopa hivyo akatoka salama? Na kama si hivyo, nimwambie nini yule dada wa Kayole?

---

MkaguziMstaafu

Dada mweka hazina, pole, na simama hapo hapo ulipo. Nimekagua vikundi kama chenu kwa miaka mingi. Usiguse hizo pesa.

Nieleze kwa nini, maana kamati nyingi hudhani ni ukali wa mhasibu tu. Pesa za mradi ziko kwenye akaunti yenu lakini mmekabidhiwa kwa kazi moja. Mpaka mfike shule ya kwanza, hizo ni sawa na deni: mnadaiwa maonyesho 12. Ndiyo maana taarifa ya benki haiwezi kumwambia mwenyekiti kama kikundi ni tajiri au maskini. Jumamosi mpelekee karatasi yenye safu mbili, pesa za mradi na pesa huru. Safu ya pili isome hivi: tuna 80,000, tunadaiwa 81,000 na stoo na mkaguzi, na 31,500 na waigizaji. Pesa huru zina upungufu wa 32,500. Hilo ndilo swali la kamati, lile la 1,840,000 si swali lao.

Nililiona hili kwa macho yangu. Kikundi kimoja kilikopa 200,000 hivyo hivyo, kwa nia njema kabisa, wakingoja malipo ya shule. Malipo yakachelewa miezi mitano. Mfadhili akatuma mkaguzi wake, akakuta pengo, akadai pesa zote zirudishwe, hata zile walizokuwa wamezitumia vizuri. Waliuza spika na taa zao. Sijasikia tena jina la kikundi hicho.

Lakini kuna jambo hujaliona katika hesabu yako. Huo mradi wa shule unatumia stoo yenu, sivyo? Maleba yake yako humo, mazoezi yake yanapangwa na wewe. Ukiendelea miezi minne, hiyo ni 72,000 ya kodi. Je, bajeti mliyompelekea mfadhili ina hata shilingi moja ya stoo? Nakisia ina nauli, chakula, posho na vifaa basi. Vikundi vidogo huogopa kuandika gharama za uendeshaji wakidhani wataonekana walafi, na matokeo yake kila mradi mnaoshinda unawaongezea umaskini. Mwandikie mfadhili sasa, kabla kazi haijaanza, uombe sehemu ya bajeti ihamishwe kwenda kwenye kodi ya stoo na uhasibu. Wengi hukubali wakiombwa mapema na kwa maandishi. Baada ya kutumia, jibu ni hapana.

Na angalieni mmesajiliwa chini ya sheria gani. Ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 14, 2024 na kuiondoa ile ya NGO, mashirika yasiyo ya kiserikali, ya 1990. Vikundi vya kijamii vina sheria yao ya 2022. Tena kutokuwa na faida peke yake hakuwaondolei kodi ya mapato, msamaha huo huombwa KRA, mamlaka ya kodi, na hutolewa kwa cheti. Nimewaona wengi wakigutuka.

---

Setibuku_Barabarani

Mimi naongoza kikundi kinachozunguka na maigizo ya vitabu vya kutahiniwa, Machakos hadi Nakuru, kwa hivyo niseme juu ya hizo pesa za shule mnazozitegemea.

Usiweke rehani kitu ambacho bado kiko kwa mwalimu mkuu. Shule hupiga simu, mnakubaliana bei kwa kila mwanafunzi, mnafika na gari mmekodi, halafu mnaambiwa idara ya Kiswahili imechanga nusu na nyingine italetwa. Mwaka jana shule moja ilinilipa baada ya watahiniwa wenyewe kumaliza mtihani.

La pili ni kubwa zaidi. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mwisho ya mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4 ni ya 2027. Biashara hii yote imejengwa juu ya mtihani huo. Wa mfumo mpya huenda wakatuhitaji, nami natumai hivyo kwa sababu sanaa za maonyesho zimo katika mtaala wao, lakini bajeti haiandikwi kwa matumaini. Mwambie mwenyekiti wako hivyo hivyo.

Halafu wale 140 wa bure. 140 mara 500 ni 70,000. Hasara yako yote pamoja na stoo ni 67,200. Sisemi wote wangenunua. Lakini ni akina nani hao?

---

MamaMkwe_wa_Jukwaa

Nimesoma yote. Si mimi niliyemlaza mtoto kwenye maleba, mimi niko kikundi kingine, ila ningeweza kuwa mimi. Nimeigiza miaka kumi na sita.

Nakubaliana na mzee kuhusu pesa za mradi. Lakini kuna hesabu ambayo hakuna kati yenu aliyeigusa. Dada, umeandika siku 24 za mazoezi, nauli 200. Malipo ya siku hizo yako wapi? Hayapo. Mjengoni hapo Donholm, kijana wa kubeba kokoto halipwi nauli akaambiwa kazi yenyewe ni kipaji. Tisa mara 24, hata ukiweka 500 tu kwa siku, ni 108,000. Hiyo ndiyo ruzuku kubwa kuliko zote katika igizo lenu, na waliotoa ni wale tisa. Mfadhili anawekewa nembo kwenye bango. Wao hawako hata kwenye daftari.

Siombi mlipe kesho, najua hamna. Naomba iandikwe. Siku mtakapoandika bajeti ya kweli mtajua igizo hilo lilikuwa la 375,200 kabla ya stoo, na mtaacha kumwambia mfadhili kwamba mnaweza kulifanya kwa 267,200. Tukiendelea kudanganya bei ndivyo wanavyoendelea kutupa bei hiyo.

Na yule dada, mpigie simu leo. Usimwachie ujumbe. Mwambie kiasi anachodai na tarehe. Mwigizaji anaweza kungoja pesa, kinachomfanya aondoke ni kutoambiwa.

---

Mwanafunzi_wa_Uchumi_UoN

Nimependa hoja ya Mama. Kuna kitu tulifundishwa kinachohusu hili. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walichunguza hesabu za maigizo, okestra na dansi wakaona tatizo halitokani na usimamizi mbaya peke yake. Viwandani mtu mmoja huzalisha zaidi kila mwaka, kwa hivyo mshahara wake unaweza kupanda bila bidhaa kupanda bei. Jukwaani haiwezekani. Fundi wa Gikomba mwenye mashine ya umeme anashona suruali nyingi kuliko babake aliyekanyaga cherehani, lakini igizo la watu tisa na dakika tisini bado ni la watu tisa na dakika tisini. Huku nyuma nauli, unga na kodi vinapanda kwa kila mtu. Kwa hiyo gharama ya onyesho hupanda haraka kuliko tikiti, na pengo hilo lazima lijazwe na mtu: serikali, mhisani, au mwigizaji. Hapa kwetu hujazwa na mwigizaji.

Kwa hiyo dada, usijilaumu kwamba ukumbi ulijaa na bado mkapungukiwa. Hata mngejaza vile viti 28, ni 14,000 tu.

---

MwekaHazina_Jericho

Nimerudi. Asanteni kutoka moyoni, nimechapisha mazungumzo haya yote kwa ajili ya Jumamosi.

Mzee wangu Mkaguzi, ulikisia sawasawa. Nimefungua bajeti ya mradi: nauli, chakula, posho, vifaa. Stoo haimo, na mimi simo. Niliiandika mimi mwenyewe mwaka jana, na nakumbuka nilifuta mstari wa kodi nikiogopa tutanyimwa. Jana usiku nimemwandikia mfadhili barua ya ukurasa mmoja, nikaomba 72,000 zihamishwe kutoka kwenye fungu la vifaa, kwa kuwa spika tutatumia zetu. Leo saa nne wamejibu wakaomba mkataba wa upangaji. Bado si ndiyo, lakini wameomba mkataba.

Kaka Setibuku, nimepitia wale 140. Hamsini ni jamaa zetu na wageni waheshimiwa, na hao ni kosa letu, kuanzia igizo lijalo kila mwanakamati atanunua. Lakini tisini ni watoto wa mtaani kwetu, wa Jericho na Maringo, tuliowaleta kwa matatu mbili Jumamosi mchana. Wengi hawakuwahi kuingia ukumbi wa maonyesho. Hao siwatozi. Kikundi hiki kilianzishwa kwa ajili yao na sitaki tuanze kuwaona kama hasara. Nitakachofanya ni kuviandika viti vyao kama gharama, 45,000, kisha nitafute wa kuvilipia. Nimeanza na SACCO, ule ushirika wa wenye matatu zinazotupeleka mjini: viti thelathini, 15,000, na jina lao kwenye bango. Katibu wao ameniambia nije Jumatatu.

Mama Mkwe, maneno yako ya 108,000 niliyasoma nikiwa ndani ya matatu, nikapitiliza kituo. Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari. Juu nimeandika MAZOEZI, chini majina tisa, na mbele ya kila jina 12,000, safu ya kulipwa nimeiacha wazi. Nitausoma ukurasa huo kwanza, kabla ya taarifa ya benki.

Na nilimpigia yule dada. Nilimwambia tunamdai... samahani, anatudai 3,500, na kwamba nitamlipa kabla ya mkaguzi, tarehe 5, kwa sababu mkaguzi amekubali kungoja mwisho wa mwezi. Wenzake wanane vilevile. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mazoezi ya igizo la shule yanaanza lini, maana anataka kupanga nani atabaki na mtoto.