Mechi za usiku za NFL: nani anachagua timu, na kwa nini Dallas kila mara?

Mlinzi wa Golf (Lubumbashi)

Jambo yenu, wakubwa na wadogo.

Mimi ni sentineli huku mtaa wa Golf. Naingia kazini jua likizama, natoka kukipambazuka. Usiku wa manane, mtaa ukishatulia, naangalia futiboli ya Kimarekani, ligi yao ya NFL, kwenye simu: spika moja sikioni, sikio la pili naliachia geti.

Mchezo huu ulinishika kabisa Septemba hii ya 2025, Buffalo walipowapiga Baltimore 41 kwa 40. Baltimore walikuwa mbele 40 kwa 25 na muda unayoyoma. Buffalo wakarudisha tachidauni moja (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), ikawa 40 kwa 32. Halafu Derrick Henry, mkimbiaji wa Baltimore aliyekuwa amekimbia usiku kucha bila wa kumzuia, mpira ukamponyoka. Nilimwona akiufuata kwa macho, mikono mitupu. Buffalo wakauchukua, wakaingiza tena, wakajaribu pointi mbili za ziada wakakosa, ikawa 40 kwa 38. Mwisho wakampa Matt Prater, mtu aliyejiunga nao siku chache tu kabla ya mechi, apige pointi tatu za mguu. Akapiga, mpira ukapita katikati, saa ikawa imeisha. Nilikuwa nimesimama getini, mikono kichwani.

Sasa naomba mnieleweshe. Ni nani anaamua timu gani zicheze usiku? Dallas, Kansas City na Philadelphia nawaona kila mara, Tennessee sijawaona hata usiku mmoja. Na saa imekuwaje? Mechi ya Jumapili ilikuwa inaanza saa nane na dakika 20 usiku, tangu Novemba iingie inaanza saa tisa na dakika 20, zamu yangu inaisha kabla mechi haijaisha. Halafu natafuta timu ya kushika. Mimi ni mtu wa Mazembe tangu kuzaliwa, siwezi kuangalia mpira bila upande.

Kunguru wa Kamalondo

Mdogo wangu, karibu. Mimi ni fundi wa televisheni huku Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe, na ligi hii naifuata kwa miaka mingi. Swali lako nalipenda kwa sababu linagusa kazi yangu.

Nianze na saa, ni jambo jepesi. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi Kongo hatugusi saa. Tofauti ya Lubumbashi na New York, ambayo ni saa sita Septemba na Oktoba, inakuwa saa saba hadi Machi. Na angalia siku pia: Jumapili usiku yao ni Jumatatu yetu kabla ya alfajiri, Jumatatu yao ni Jumanne yetu, Alhamisi yao ni Ijumaa yetu. Wengi wanakosa mechi kwa kufuata jina la siku.

Sasa nani anachagua. Ratiba inapangwa na ligi yenyewe, lakini usiku ni mali ya televisheni tangu siku ya kwanza. Miaka ya sitini mkuu wa ligi, Pete Rozelle, alitaka mechi ya Jumatatu usiku. Kituo cha televisheni cha CBS hawakutaka kuvuruga vipindi vyao, NBC vilevile. ABC, kituo kilichokuwa cha tatu na hakina cha kupoteza, wakakubali. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 21 Septemba 1970, Cleveland dhidi ya New York Jets. Wakamleta Joe Namath wa Jets, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira) aliyekuwa maarufu kuliko wote, ili watu wawashe televisheni. Cleveland walishinda 31 kwa 21, na Namath ndiye aliyetupa mpira wa mwisho ulionaswa na Cleveland na kurudishwa kuwa tachidauni. Ona vizuri: tangu 1970 timu ya usiku inachaguliwa kwa jina la mtu atakayeangaliwa.

Leo Jumapili usiku ni ya NBC, Jumatatu ni ya ESPN, zote tangu 2006, na Alhamisi ni ya Amazon tangu 2022. Mikataba waliyosaini 2021, pamoja na ile ya CBS na Fox za mchana, inapita dola bilioni 100 kwa miaka 11. Mtu aliyelipa hivyo hataki mechi ya timu mbili ambazo hakuna anayezijua nje ya mji wao. Ndiyo maana ya Dallas. Hawajachukua Super Bowl, fainali ya ubingwa, tangu Januari 1996, kuna vijana wameoa na kuzaa hawajawahi kuona Dallas bingwa, lakini wakicheza, Marekani nzima inaangalia: nusu wanawapenda, nusu wanangoja waanguke. Kwa televisheni wote hao ni macho.

Usikasirike lakini, kwa sababu pesa za mikataba hiyo ya taifa zinagawanywa sawa kwa timu zote 32. Tennessee asipoonekana usiku anapata fungu lilelile la Dallas. Huo mpango Rozelle aliupigania hadi Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuuruhusu mwaka 1961, na bila huo Green Bay wasingekuwepo. Green Bay ni mji wa watu laki moja hivi, timu yao inamilikiwa na wananchi wenye hisa, haina tajiri mmoja, na bado wanacheza usiku mbele ya taifa lote. Kwetu huku, ambako klabu inasimama au kuanguka na mfuko wa mtu mmoja, mimi jambo hilo nalitazama kwa heshima kubwa.

Ratiba pia si msumari. Tangu 2006 ligi inaweza kuondoa mechi mbovu Jumapili usiku na kuleta nzuri ya mchana. Tangu 2023 inaweza kufanya hivyo Jumatatu na Alhamisi, kwa masharti makali zaidi. Kwa hiyo timu ikianza kushinda ghafla mwezi wa kumi, unaweza kuiona usiku mwezi wa kumi na mbili. Ukiangalia ratiba inayotolewa Mei tu, utapotea.

Ushauri wangu ni huu: usiipime ligi kwa mechi za usiku. Jumapili saa saba mchana ya New York, ambayo kwetu sasa ni saa mbili usiku, zinaanza mechi nyingi kwa pamoja, hata saba au nane. Huko ndiko utawakuta akina Tennessee, na huko ndiko msimu unaamuliwa. Wewe saa mbili uko zamu tayari.

Muuguzi wa Likasi

Muzee Kunguru nakuheshimu, ila mechi ya usiku usiishushe hivyo. Mchana wachezaji wenyewe hawaonani, kila mmoja yuko uwanjani kwake. Usiku ligi nzima imekaa nyumbani inawaangalia wao tu, na wanajua. Nenda katafute Rams wa Los Angeles na Kansas City, Jumatatu ya tarehe 19 Novemba 2018. Ilipangwa ichezwe Mexico City, nyasi za uwanja zikawa mbovu, ikahamishiwa Los Angeles. Ikaisha 54 kwa 51. Hakuna mechi ya Jumatatu iliyowahi kuzaa pointi nyingi kama hiyo. Makwotabeki Mahomes wa Kansas City na Goff wa Rams walipishana mpaka dakika ya mwisho, na mabeki wa Rams nao waliingiza tachidauni. Mechi kama ile ukiiweka saa mbili kati ya nyingine saba, nusu ya watu wanaikosa.

Ninachokataa mimi ni Alhamisi. Nafanya kazi wodi ya upasuaji, najua mwili uliopigwa unahitaji nini. Timu inacheza Jumapili, watu wa kilo 140 wanagongana kwa saa tatu, halafu Alhamisi wanarudi uwanjani. Kati yake kuna siku tatu kamili tu. Uvimbe wa goti siku ya tatu ndiyo kwanza unaanza kushuka. Angalia mechi nyingi za Alhamisi robo ya nne, utaona miguu mizito, watu wanashika viuno. Hiyo ni biashara juu ya miili ya watu, na sioni aibu kusema hivyo hata kama naupenda mchezo.

Kuhusu timu, Mlinzi, chukua Pittsburgh. Ni mji wa chuma. Kofia yao ina alama upande wa kulia tu, kushoto hakuna kitu, na zile nyota tatu ndani yake ni za viwanda vya chuma: njano ni makaa ya mawe, ile ya rangi ya chungwa ni mawe ya chuma, bluu ni chuma chakavu. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa mgodi. Nilipoelezwa hilo sikutafuta timu nyingine.

Mwana wa Kadutu (Bukavu)

Naongeza moja tu. Msisahau Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekulia Kanada. Mwaka 1995 akiwa chuo cha Michigan alikimbia yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State, mahasimu wao wakubwa. Mwaka uliofuata ligi ilipochagua wachezaji wapya kutoka vyuo, Carolina wakamchukua wa nane katika nchi nzima. Mkongomani alifika huko kabla wengi wetu hatujajua kuwa mchezo huu upo.

Mlinzi wa Golf

Aksanti sana, muzee. Aksanti dada. La Alhamisi nilikuwa sijalifikiria, na Ijumaa iliyopita nimeliona kweli.

Kwa timu bado nimegawanyika. Baba yangu naye alikuwa wa mgodini, Pittsburgh inanivuta. Ila tangu mechi ile ya Septemba roho yangu iko na Baltimore. Walioshindwa ndio walionikaa moyoni. Muzee, unasemaje?

Kunguru wa Kamalondo

Mtu wa Mazembe unaniuliza? Sisi ni Kunguru, Baltimore nao jina lao, Ravens, ni Kunguru. Timu yao ni changa, ilianza 1996, na tayari wana Super Bowl mbili. Ya pili, Februari 2013 kule New Orleans, ndiyo ningependa uitafute. Walikuwa wanawaongoza San Francisco 28 kwa 6, kipindi cha pili kimeanza tu, nusu ya taa za uwanja zikazimika. Dakika 34 mechi imesimama, wachezaji wamekaa chini wananyoosha misuli gizani. Mimi fundi wa umeme na televisheni, niliwaza mashine zote zile, waya zote zile, na bado! Umeme uliporudi San Francisco wakaamka, pointi juu ya pointi, mpaka wakabakiza mistari michache ya uwanja waongoze. Baltimore walizuia mara nne karibu na mstari wao, wakashinda 34 kwa 31. Timu inayojua kukaa gizani bila kuvunjika inatufaa watu wa Lubumbashi.

Sasa panga zamu yako. Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani mwaka huu wa 2025 ni Alhamisi tarehe 27 Novemba. Detroit na Green Bay wanaanza saa mbili usiku yetu. Detroit wanacheza sikukuu hiyo tangu 1934. Dallas na Kansas City wanafuata saa tano na nusu. Halafu Ijumaa ya tarehe 28, saa tisa na dakika 20 usiku, Baltimore nyumbani kwao dhidi ya Cincinnati. Ukiwa na Game Pass, huduma ya kuangalia mechi mtandaoni inayouzwa nje ya Marekani kupitia DAZN, zote tatu utazipata ukiwa getini. Nunua mega Jumatano, na betri ya akiba ijaze mchana, maana mechi tatu mfululizo simu yoyote inalala.