MREJESHO: SPARCstation 20 imewaka, diski imeokoka karibu yote

Asanteni wakuu. Niliuliza kuhusu mashine hii, kompyuta ya zamani ya Sun, inayosahau saa na anwani ya mtandao (MAC) ikizimwa, na diski yake ya SCSI (aina ya zamani ya kuunganisha diski) inayokwama.

Ushauri wa kuanza na diski ndio ulioniokoa. Adapta ya pini 80 kwenda 68, tamineta (kifunga laini ya SCSI) mwisho wa kebo, kisha `ddrescue -n` (programu ya kunakili diski mbovu, kwanza bila kung'ang'ania sehemu mbaya), halafu `-d -r3` (kurudia sehemu mbaya mara tatu) kwa faili ileile ya ramani inayokumbuka kilichosomwa. Sekta 41 (vipande vidogo vya diski) zimegoma kusomeka. Faili mbili za logi zimeharibika, basi. Nina nakala mbili, na sha256 zake (alama za kuhakiki faili) zinalingana.

Chipu ya M48T08, inayotunza saa na anwani kwa betri yake ya ndani: nilikwangua plastiki, nikakata miguu ya betri ya ndani (usipokata, inanyonya mpya), nikachomelea kishikio cha betri ya kidonge ya CR2032. Hostid (namba ya utambulisho wa mashine) nimeiandika upya kwa `mkp`, amri ya programu ya kuwashia mashine.

Kapasita za pawa saplai bado sijazigusa.