MJADALA: Stesheni ya Mombo na wenzake wa reli ya Tanga, tuzilinde au tuziache zijifie?

Mleta mada:
Wakuu, salaam.

Hoja hii nimeianzisha mara nyingi kijiweni, na jibu huwa lile lile: jengo la reli likichoka libomolewe, kiwanja kijengwe fremu za maduka. Mimi nakataa, na mfano wangu ni Mombo kwa kuwa ndiko nilikokulia.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, ndipo ikasimama hapo miaka kadhaa kabla ya kusogea hadi Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo mizigo ya Lushoto, enzi hizo ikiitwa Wilhelmstal, ilishushwa Mombo ndipo ikapanda milima ya Usambara. Nilipokuwa mdogo tulilaza sikio juu ya reli. Chuma kilivuma kabla hujaona kichwa cha treni. Mama alishaweka beseni la matunda kichwani. Ubao wa dirisha la tiketi ulikuwa umelika katikati kwa viwiko vya watu, laini kama mwiko wa zamani.

Sasa tazameni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao umo. Stesheni ya 1905 haimo mpaka waziri aitangaze kuwa jengo la kulindwa. Yaani fremu ya mlango ina wa kuitetea, stesheni nzima haina!

Ninachotaka: itangazwe, halafu iendelee kuwa stesheni. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata, baada ya zaidi ya miaka 20. Tungekuwa tumeng'oa kila kitu, ingerudi kupitia wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka jambo. Usambara ya Mjerumani ilikuwa na kadi: mwanamume alilazimika kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Mashamba ya katani yaliyoilisha reli hiyo yalikula watu, na baadaye wakaja manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, wengine hawakurudi kwao. Kodi yangu ipake rangi jengo la aliyemchapa babu yangu viboko? Zahanati yetu haina hata vitanda vya kutosha.

Mchangiaji wa pili:
Nimefanya kazi genge la reli, nimebadilisha mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, kwa mikono hii. Tangazo la waziri halizuii mvua. Jengo likikosa mtu ndani, kwanza linaondoka bati, kisha mbao, kisha vyuma vinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimeona nyumba za wafanyakazi zikiisha hivyo, na hakuna aliyezibomoa. Mkitaka stesheni ipone mpeni stesheni masta, taa, maji na choo kinachofanya kazi. Mengine baadaye.

Mleta mada:
Ndugu wa genge, umenisogeza. Nilikuwa nimeweka tangazo mbele na matumizi nyuma, nageuza. Na pale treni isiposimama kila siku, chumba cha mizigo wapewe kina mama wa matunda kwa kodi ndogo, mradi mtu alale pale na afagie.

Ndugu wa kwanza, hilo la kadi sitalipita. Bibi yangu alilitaja neno manamba kwa sauti ya chini, kama anayetaja msiba. Lakini niambie: leo hapa Mombo mtoto wa darasa la tano ataonyeshwa wapi kwamba mambo hayo yalitokea? Mashamba hayasemi. Ukuta wa stesheni unaweza kusema, tukibandika kibao chenye habari ya kadi, siku 30, na manamba, kwa Kiswahili, pembeni ya ratiba ya treni ambapo kila msafiri atakisoma akisubiri. Bila maandishi hayo, na mimi sitaki stesheni ipakwe rangi.

La zahanati ni kweli tupu, na sitaki shilingi yake. Ndiyo maana nataka jengo lijilipie kwa kodi ya vyumba.

Swali langu kwa wanaojua taratibu: ombi la kumfikia waziri linaanzia serikali ya kitongoji, mamlaka ya mji mdogo, au halmashauri ya wilaya? Nikielekezwa, Jumatatu naanza kuzungusha karatasi ya sahihi pale stendi.