Wazee wetu wanaenda harusi ya kanisa la Episcopal Marekani, niwaandae vipi?

BintiMarangu aliuliza:

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa mwisho anaolewa mwezi wa sita huko Virginia, Marekani. Mume mtarajiwa ni wa kanisa la Episcopal na ndoa inafungwa kanisani kwao. Visa zimetoka kwa watu watano: baba, mama, mama mkubwa wa Kibosho, mjomba na mimi.

Baba ni mzee wa kanisa la Kilutheri, KKKT, usharika wetu hapa Marangu. Tangu aone picha ya madhabahu yenye mishumaa na padri mwanamke kavaa joho jeupe, kila jioni ni swali hilohilo: "Hawa ni akina nani hasa? Ni Wakatoliki au siyo?" Mama mkubwa ni Mkatoliki wa rozari, yeye anataka kujua kitu kimoja tu, kama atapokea komunyo. Mjomba anauliza ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa harusi zetu.

Mchungaji wetu kasema ni ndugu zetu, twendeni kwa amani. Namshukuru, ila baba hatulii kwa jibu hilo. Nataka kuwaandikia karatasi moja ya Kiswahili, maandishi makubwa, waisome kwenye ndege. Aliyewahi kuhudhuria anisaidie. Na tafadhali msiniambie "tazameni wenzenu wanavyofanya", sisi tutakaa benchi ya mbele kabisa, hatuna wa kumtazama.

MkristoWaSakina:

Mwambie mzee atulie, hao ni Waanglikana wa Marekani. Baada ya kupigana na Uingereza na kujitawala, wasingeweza kuendelea na kanisa ambalo mapadri wake wanamwapia mfalme, wakajipanga upya mwaka 1789 kwa jina lao. Hawako chini ya Papa. Na padri mwanamke asimshangaze, walianza tangu miaka ya 70, na KKKT yenyewe si inao wachungaji wanawake?

Ila mishumaa na majoho hutofautiana parokia kwa parokia. Mimi ni Mwanglikana wa Arusha, sisi tulitoka mikononi mwa wamisionari wa CMS, mambo yetu ni ya kawaida tu. Nilipokwenda harusi ya rafiki yangu Muheza, ambako walilelewa na wamisionari wengine wa Kianglikana, UMCA, nilikuta ubani na kengele nikadhani nimekosea kanisa. Kwa hiyo usitegemee simulizi ya mtu mmoja. Muulize mdogo wako parokia yao ikoje.

MamaSowetoMoshi:

Marahaba mwanangu, maana najua ungenisalimia. Kijana wangu alioa katika kanisa hilohilo, jimbo jingine, na mimi nilikalia hiyo benchi ya mbele unayoisema.

Kwanza saa. Kadi ikisema saa nane na nusu, basi saa nane na nusu kinanda kinalia na bibi harusi yuko mlangoni. Hakuna cha "tumsubiri shemeji, yuko Boma Ng'ombe anakuja". Muwe ndani mapema, nusu saa kabla. Na siku moja kabla kuna mazoezi kanisani, baba naye anatakiwa, siyo wasimamizi peke yao. Hapo ndipo ataonyeshwa anaingilia mlango upi na binti, anamwachia wapi, yeye anakwenda kukaa wapi. Jioni yake familia mbili mnakula pamoja.

Mlangoni mtapewa kijitabu cha ibada, kila neno limo, hata sala. Maneno yaliyokolezwa wino ndiyo ya kujibu watu wote. Mwombe mdogo wako akutumie nakala mapema, kaa chini uandike Kiswahili chake pembeni kwa peni. Karatasi yako ni hiyo, usihangaike kutunga nyingine. Mnasimama bibi harusi anapoingia, kwenye nyimbo, na Injili ikisomwa. Kwenye sala wengi hupiga magoti. Magoti ya baba yakikataa, akae au asimame, hakuna atakayegeuka kumtazama.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo baba anahitaji kuandaliwa. Mzee wa kwetu akimfikisha binti madhabahuni anategemea kuulizwa nani anamtoa huyu aolewe, naye ajibu kwa sauti ya kiume watu wasikie. Katika kitabu chao cha sala cha mwaka 1979 swali hilo halimo kwenye mtiririko wenyewe. Limewekwa pembeni, wenye ndoa wakilitaka linaingizwa. Wengine hawalitaki kabisa. Wengine wanachukua ile namna ya pili ya kuuliza, nani anawaleta hawa wawili waoane, na hapo wazazi wa pande zote wanajibu kwa pamoja. Sisi ilikuwa hivyo, na mimi mama wa bwana harusi nikasimama nikajibu. Nilifurahi, sikuwahi kuulizwa kitu kanisani kwenye harusi yoyote. Lakini fikiria baba yenu afike pale na jibu lake mdomoni, padri ampite tu. Baada ya barua, mahari na pombe ya mbege yote ile! Atajiona amedharauliwa mbele ya wakwe, na hatasema, atanuna tu mpaka mtue uwanja wa KIA. Mwambieni sasa. Au mdogo wako amwombe padri aliweke, linaruhusiwa.

Kuna swali jingine ambalo kwa kweli ataulizwa, yeye na kanisa zima. Maharusi wakishakubaliana, padri anawageukia watu: ninyi mnaoshuhudia ahadi hizi, mtafanya yote mnayoweza kuwasaidia hawa wawili katika ndoa yao? Mnajibu wote. Benchi yetu tulijibu kwa Kiswahili, "Tutafanya!", tukawafunika wenye kanisa lao, padri akacheka waziwazi. Wanapenda jibu lenye nguvu, msinong'one.

Busu lipo. Linakuja baada ya baraka, wakati wa kupeana amani, na ni fupi. Mwandae mama asianze kutafuta miwani kwenye pochi. Hapohapo watu wote hupeana mikono, nanyi mpeane.

Vigelegele, muulizeni padri. Wa kwetu alisema tutulie mpaka baraka ipite, wakianza kutoka tupige tutakavyo. Wifi yangu alipiga mpaka mpiga kinanda akakosa noti.

Simu zimeni, mpiga picha ni mmoja na hasogei madhabahuni. Vitenge vya sare vaeni, wanavipenda, lakini kiyoyozi cha mle ndani ni kama Horombo kule juu mlimani Kilimanjaro, bebeni sweta. Na ukumbini majina yamepangwa meza kwa meza. Mmethibitisha watano, ni watano. Ndugu wa Maryland akisema atapitia "na watoto tu", awasalimie hotelini.

KatekistaMstaafu:

Kuhusu mama yako mkubwa. Kwao kila aliyebatizwa anakaribishwa mezani na watatangaza hivyo kwa upendo kabisa. Lakini sisi Wakatoliki kwa utaratibu wa Kanisa letu hatupokei huko. Abaki kwenye benchi, au aende mbele na wenzake akiwa amevuka mikono kifuani, padri atajua ni baraka tu anaiomba. Siyo aibu, wapo wengi hufanya hivyo.

Uliza kwanza kama komunyo itakuwepo, maana harusi zao nyingine hufungwa bila komunyo na suala linaishia hapo. Na ndoa ya Jumamosi haimwondolei Misa ya Dominika, mtafutieni parokia ya karibu mapema. Akifika huko ndipo aanze kuuliza, mtakosa amani Jumapili nzima.

MtoriMoto:

Jamani mbona ndafu mmeiruka? Mjomba anasubiri 😂

MamaSowetoMoshi:

Nyama haipiti forodha ya Marekani, hata ikaangwe vipi. Mwambieni mjomba asije akaiviringisha kwenye kanga ndani ya sanduku, wataichukua na fomu atajaza. Ndafu ni kwenye send-off, huku Marangu, kabla hamjaondoka.

MkristoWaSakina:

Na mbege je, mama?

MamaSowetoMoshi:

Wewe wa Arusha nyamaza.

BintiMarangu:

Shikamoo mama, na asanteni wote. Jana usiku nimemsomea baba lile la swali. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo wasiponiuliza, mimi pale nafanya nini?" Nikamwambia unamsindikiza mwanao. Akasema kumsindikiza hata dereva anamsindikiza. Mama akacheka, mambo yakawa mepesi kidogo.

Nikampigia mdogo wangu palepale. Kumbe padri alishawapa wachague na wao wakaliacha kwa sababu hawakujua kama lina maana kwa mtu. Ameomba libadilishwe, na leo amejibiwa: watasimama wazazi wote wanne wajibu pamoja. Baba ameridhika nusu. Anataka kujua ni nani ataanza kutamka, ili asitangulie wala asichelewe, kwa hiyo siku ya mazoezi tutafika wa kwanza.

Mama mkubwa kasema atavuka mikono. Komunyo ipo.

Na wanarusha ibada mtandaoni, saa nane na nusu mchana ya kwao ni saa tatu na nusu usiku huku. Usharika umekubali tutumie ukumbi, bibi na majirani wote watakuja. Kama kuna mtu karibu na Marangu Mtoni anakodisha projekta na jenereta, maana umeme wetu mnaujua, anitumie ujumbe.