Naomba ushauri: kushusha volti 24 hadi 12 kwenye boti

Wakuu, salaam kutoka Lamu. Boti yetu ina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kutoa 24. Redio ya VHF, wati 25, inataka 12, na ukibonyeza kuongea inavuta kama ampea 5 au 6. Fundi kaniwekea saketi ya kushusha volti ya LM2596, ambayo mwisho wake ni ampea 3! Nikibonyeza tu, kioo kinafifia, redio inazima. Ya 7812, chipu nyingine ya kushusha volti, siitaki, nusu ya umeme inaishia kuwa joto. Kuchukua 12 kwenye betri moja nako kutaiua mapema.

Je, nitafute ya ampea 10, au 20? Na kwa chumvi hii ya bahari, nimwagie epoksi (gundi inayoganda), au itazuia joto kutoka? Waliowahi kupata mvumo redioni, mliuondoaje?